Mjadala: Dagaa wetu waende kwenye vizimba au kwenye sufuria?

Ndugu zangu wa Kigoma, na ninyi wa Tabora mnaokula dagaa wetu, nina dukuduku la miezi na leo nalitoa.

Nakausha dagaa mwalo wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika, mwaka wa 19 sasa. Kila masika huja wanunuzi wa chakula cha kuku kuchukua dagaa walioharibika kwa mvua, na huwa nawauzia, maana bila wao hasara yote ingeniangukia mimi. Msimu huu alikuja mmoja anayetaka wazuri, wale wanaong'aa, tena akalipa kuliko mama lishe yeyote. Nikamuuliza wanakwenda wapi. "Kwenye chakula cha samaki, mama. Watu wanaweka vizimba vya nyavu majini, wanafugia samaki humo." Nikamuuzia magunia mawili. Tangu siku hiyo sina raha.

Ninachosema ni hiki: kizimba kinacholishwa dagaa hakituongezei samaki. Kinamtoa samaki kwenye sahani ya maskini na kumrudisha akiwa samaki wa hoteli. Kabla vizimba havijajaa kwenye ghuba zetu, tuulizane kwanza kila kilo itakayotoka humo imekula nini.

Mdogo wangu ananunua kambakochi, wale kamba wakubwa wa baharini, kisiwani Mafia na ndoto yake ni kuwafuga. Kwa ajili yake nimefuatilia sana habari za Vietnam, ambako wanafugwa kwenye vizimba baharini, hasa pwani ya Phú Yên na Khánh Hòa. Fedha wamepata, sikatai. Lakini kifaranga cha kambakochi huelea bahari kuu miezi mingi kabla ya kupata umbo la mzazi wake, kwa hiyo kumzalisha kwa biashara kumewatesa wataalamu miaka mingi, na wafugaji wa Vietnam wametegemea vifaranga vinavyokamatwa baharini. Halafu wakawalisha samaki wadogo, kaa na konokono wabichi. Kilo moja ya kambakochi inaweza kula zaidi ya kilo 20 za viumbe hao. Mabaki yakaoza chini ya vizimba. Mwishoni mwa 2006 ukaingia ugonjwa unaoigeuza damu ya kambakochi kuwa nyeupe kama maziwa, na mavuno yakaporomoka.

Indonesia nao walipiga marufuku kuvua vifaranga hivyo mwaka 2016, wakaruhusu tena 2020, na Novemba mwaka huohuo waziri wa uvuvi, Edhy Prabowo, akakamatwa kwa rushwa ya vibali vya kuviuza nje. Mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani. Kwa hiyo mtu akiniambia "ufugaji endelevu", namuuliza mbegu, yaani vifaranga, inatoka wapi, chakula kinatoka wapi, na kibali anatoa nani.

Najua kambakochi ni wa maji chumvi, Kigoma hatafika. Najua pia kwamba sato na ngege, ndugu yake sato wa ziwa letu, hawali kama yeye. Hukua kwa pumba, mashudu na soya, na unga wa dagaa huongezwa kiasi. Shemeji yangu mwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, alinikumbusha hilo, kisha akaniambia neno lililonichoma:

"Shemeji, unatetea chanja zako. Ziwa lilipofungwa tusivue, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wewe ulikuwa na dagaa wakavu ndani. Mimi nilikuwa na deni la mashine na watoto sita. Ningekuwa na kizimba nisingeuza kitanda."

Siku ile sikuwa na jibu, na hata leo sehemu ya maneno yake naikubali. Ziwa lenyewe limebadilika. Kina chake ni mita 1,470 hivi, na rutuba nyingi imelala chini kwenye maji yasiyo na hewa. Upepo wa kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, ndio unaosaidia kuipandisha juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, rutuba haipandi, na samaki wanapungua. Hata tukifunga ziwa kila mwaka, na mimi naunga mkono kufunga, huenda tusizione tena zile enzi za baba zetu. Mvuvi anayetafuta njia nyingine ya kulisha watoto si adui yangu.

Lakini hicho "kiasi" cha dagaa, zidisha kwa vizimba mia. Ziwa Victoria tayari sehemu kubwa ya dagaa huishia kwenye chakula cha mifugo. Huku kwetu mise, kokwa za michikichi, imejaa, mashudu yake yapo. Taka za sokoni zinaweza kufugia funza wa nzi, na samaki wanawala vizuri. Kibali cha kizimba kiambatane na sharti la chakula, na gunia la chakula liandikwe wazi lina nini. Mbegu iwe ya ngege wa ziwa hili, kwa sababu samaki wa kizimba hutoroka, na wa kuletwa akizaana na wa kwetu hakuna wa kuwatenganisha tena. Na vizimba visibanwe kwenye ghuba ya mji, tunakochota maji ya kunywa.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu:

Dada wa Tabora, umeandika kwamba dagaa ndio nyama ya wanao siku tano kwa wiki, na bei ikipanda unapunguza kipimo. Asante. Ndicho nilichokuwa natafuta namna ya kukisema.

Mwalimu wa Ujiji anasema mkaushaji ana haki ya kumuuzia anayelipa zaidi, na kumzuia ni kumwonea mwanamke aliyekesha akingoja vipe. Kweli mwalimu, na ndiyo maana niliuza. Ada ya shule ilikuwa inadaiwa, na wakati ule sikumkumbuka mtu wa Tabora hata kidogo. Kwa sababu hiyo sitaki jambo hili liachwe kwa huruma ya mkaushaji mmoja mmoja. Liwekwe kwenye masharti ya anayenunua, yeye mwenye kizimba na mkopo.

Yule mnunuzi amenipigia jana. Anataka magunia matano kabla giza hili, siku zisizo na mbalamwezi tunapovua dagaa, halijaisha, na bado sijamjibu. Ninyi wenye vizimba, someni mfuko wa chakula mlionao hapo nyumbani, mtuandikie hapa umeandikwa nini.