Bonsai zangu mbili zinanifia, misimu ya Dar naifuataje? Msaada wakuu

kijana_wa_tegeta
Habari za majukumu wakuu. Mwaka jana mwezi wa kumi nilinunua bonsai (miti inayofugwa midogo kwenye chungu kifupi) mbili za kuanzia, moja fikasi (ile ya majani madogo yanayong'aa, ukikata tawi inatoa maziwa) na nyingine junipa, ya majani kama sindano. Muuzaji akaniambia zote za ndani hizo, weka mezani sebuleni, mwagia kidogo. Nikaingia YouTube nikaangalia mpaka macho yakauma, jamaa anasema kuanzia mwezi wa kumi na moja mti unalala, acha mbolea, punguza maji, weka sehemu ya baridi isiyo na jua kali. Nikafuata vilevile. Desemba na Januari yote zilikaa stoo, maji mara moja kwa wiki. Februari fikasi ikaanza kupukutisha, junipa ikabaki na ukijani wake ila ukiigusa inakatika kama tambi kavu. Machi yule jamaa kasema ni muda wa kubadilisha udongo, nikabadilisha, nikaweka ule mweusi wa samadi wanaouza kwenye mifuko. Mvua zilivyoanza nikazitoa nje zishibe, sasa hivi chungu kinatuamisha maji kama beseni. Fikasi ina majani 6, nimeyahesabu. Nakosea wapi jamani?

mama_miche
Pole mdogo wangu, ila niache nicheke kwanza 😂😂 Januari ya Dar watu tunalala sakafuni kwa joto, wewe mti umeupeleka stoo eti ulale baridi. Yule jamaa wa video hajakosea, yuko kwao. Kwao Desemba kuna theluji, kwako ni kaskazi linavuma, jua la utosi, na kile kisahani cha bonsai kina udongo wa vidole vitatu tu, ukimwagia asubuhi saa saba mchana umekauka. Mimi Desemba mpaka Februari namwagia asubuhi na jioni, na zile zilizo karibu na ukuta unaopigwa na jua la jioni nazisogeza kwenye kivuli cha mwembe maana chungu kinachemka mizizi inaiva.

Sasa hivi ni masika, tatizo lako limegeuka. Shida sio mvua, shida ni huo udongo. Samadi na udongo mweusi kwenye chungu kifupi ni tope, mizizi haipumui, inaoza. Mimi natumia vipande vya tofali la kuchoma, navunja kwa nyundo, nachekecha kwanza kwenye chekeche la mafundi kutoa makubwa, halafu kwenye wavu wa mbu wa dirishani kutoa vumbi, kinachobaki cha ukubwa wa punje za mahindi ya kuku ndio naweka, nachanganya na mboji kidogo kama robo hivi. Maji yanapita hapohapo. Mchanga wa baharini usithubutu, una chumvi.

Ila usibadilishe udongo leo tena, huo mti umeshachoka. Fanya hivi: weka kipande cha tofali chini ya upande mmoja wa chungu kiinamie, maji yatiririkie kwenye tundu. Usiku kukiwa na mvua kubwa ingiza barazani, asubuhi toa. Na mbolea usiguse mpaka uone majani mapya.

mtarakwa_limuru
Mama amesema ukweli. Kuna kitu moja tu niongeze juu ya hiyo juniper. Hiyo si mti ya ndani ya nyumba, mahali popote duniani, huyo seller alikudanganya. Inataka jua moja kwa moja na upepo. Na mbaya zaidi inakufa kimyakimya, inaweza kuwa imekufa mwezi mzima na bado ni kijani. Kwaruza gome la shina kidogo na ukucha, ukiona kijani yenye unyevu iko hai, ukiona kahawia kavu, pole.

Zile juniper za kutoka ng'ambo wanauza zinataka baridi ya kulala, Dar haiko. Lakini sisi tuko na juniper yetu, mtarakwa, hiyo ya nguzo za fensi, inaota huku kwa milima, hata kwenu Usambara na Meru iko. Sisemi itafurahi Tegeta, hapana, lakini mtu wa Lushoto ama Arusha angejaribu. Mimi niko nazo tatu, pamoja na mzeituni mwitu mmoja. Huku msimu mgumu ni Julai, hakuna jua, ukungu asubuhi mpaka saa tano, fikasi zinasimama hazikui kabisa. Hapo ndio mimi napunguza maji, wewe hapo Dar wakati wa kipupwe hewa ni poa tu lakini mvua imekatika, so uguse udongo, usiangalie tarehe.

bibi_wa_theluji
Niko Minneapolis, Marekani, mwaka wa tisa huu, nacheka na kulia pamoja, maana mimi nilifanya kosa lako kwa kinyume. Nimekulia Tanga, kwetu mmea ukiona baridi unaingiza ndani kama mtoto. Basi msimu wangu wa kwanza nikaingiza junipa ndani Novemba, karibu na hita, nikaipeti peti, Machi ikawa fagio. Huku usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za hasi lakini junipa inabaki nje, nafukia chungu ardhini nyuma ya nyumba, nafunika na majani makavu, theluji ikiangukia juu ni blanketi, siifuti. Matawi yanavumilia, mizizi kwenye chungu kilicho wazi ndio inaganda. Fikasi ndio inaingia ndani, mwezi wa tisa mwishoni usiku ukianza kushuka kama nyuzi 10, na kila mwaka inapukutisha nusu ya majani kwa hasira ya kuhamishwa tu. Zamani nilikuwa namwagia maji mengi nikidhani ina kiu, ndio nilivyoua ya kwanza.

Kwa hiyo majani 6 yasikutishe. Usiihamishehamishe.

dom_kame
Mimi Dodoma, nina mbuyu wa miaka minne kwenye karai, unafika magotini. Huu ndio mti wa mvivu. Mvua zikikatika unapukutisha wenyewe, kuanzia hapo mimi natupia maji kidogo sana mpaka Novemba, ukiumwagia wakati umelala tena na ubaridi wa usiku wa Juni, shina linalainika kama papai bovu. Vuli kwenu inaanza mapema kuliko mvua zetu, kwa hiyo usisubiri mwezi, angalia machipukizi ndio uongeze maji.

Ila mbegu chukueni kwenye buyu lenyewe. Mwanzo nilipanda zile za ubuyu wa Zanzibar, mwekundu ule wa pilipili, nikamwagilia miezi miwili. Zimeshachemshwa na sukari 🤦🏾

mama_miche
Hahaha dom_kame!! Miezi miwili!

kijana_wa_tegeta
Nimerudi wakuu. Nimekwaruza. Junipa kahawia mpaka ndani, imeenda hiyo. Fikasi nimekwaruza sehemu tatu, juu kavu, katikati ya shina kijani na maziwa yametoka kidogo. Nimeweka tofali chini, maji yaliyotoka yananuka kama mtaro. Sasa hilo tawi la juu lililokauka nikate au niache? Na kuna waya wa shaba muuzaji aliuzungusha kwenye shina ili lipinde, umeanza kuzama kwenye gome.

mama_miche
Harufu hiyo ni mizizi imeanza kuoza, kwa hiyo nabadilisha kauli, toa huo udongo. Suuza taratibu, kata mizizi myeusi inayoteleza tu, nyeupe na kahawia ngumu usiguse, weka tofali lililochekechwa, kaa nayo barazani kwenye mwanga bila jua kali wiki tatu. Tawi kavu kata mpaka unapokutana na kijani. Waya usiufungue kwa kuuzungusha utavunja shina, ukate kipande kipande kwa koleo. Wakati wa mvua fikasi inanenepa haraka, waya nakagua kila wiki mimi.

Ukimaliza tuma picha, na hilo sahani la junipa usitupe, lioshe.