Ramani ya zamani ya Laikipia, naisomaje?

mpita_laga: Habari za jioni wadau. Mzee wangu amenipa shiti ya zamani ya Laikipia ya skeli 1:50,000, upande wa Mukogodo, na natamani niielewe kabla sijaenda kutembea huko na binamu zangu wanaofuga. Naona mistari ya kahawia imebanana sana sehemu zingine, kwingine imeachana, halafu kuna ya bluu ya kukatika-katika. Inasema nini kuhusu malisho na maji?

Baba Naserian: Umepata mali hapo. Sentimita 2 kwa karatasi ni kilomita 1 kwa ardhi, sasa hizo kahawia ni kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu za urefu sawa, zikibanana hapo ni mteremko mkali, ng'ombe hapandi hata kama nyasi zipo, mbuzi ndio watapita, zikiachana ni uwanda. Zikichora V ncha ikaangalia juu mlimani, hilo ni bonde na mvua ikinyesha maji yanajikusanya hapo. Bluu ya kukatika ni laga, mto wa msimu unaokauka, usipange kunywesha hapo kiangazi, ila ukichimba mchanga mara nyingi unapata kitu. Angalia pia pembeni urefu ni futi au mita!

simu_na_dira: Ongeza hii, kama utaingiza namba za gridi kwa GPS badilisha datumu (mfumo wa msingi wa kupimia mahali) iwe Arc 1960 ya ramani hizo, simu hutumia WGS84 na hizo mbili zinatofautiana karibu mita 300 kaskazini-kusini. Kwa makorongo hayo unajikuta upande mwingine wa kilima.

Nkoitoi: Mimi hizo ramani huniuma. Soma majina tu, milima na mito imejaa Kimaasai hadi katikati ya ranchi ambazo wenye majina hawakuruhusiwa kulisha. Mkataba wa 1904 uliwahamishia Wamaasai Laikipia, wakaahidiwa ni yao daima, 1911 ukaja mwingine wakasukumwa kusini ardhi ikaenda kwa masetla, wakashtaki na 1913 kesi ikatupwa. Karatasi haisemi hayo ila majina yalibaki.

mpita_laga: Asanteni sana, sikuwa nimeyafikiria majina kabisa. Na hii alama ya bwawa, niitegemee?

Baba Naserian: Usiitegemee ndugu, ramani ni ya siku ilipochorwa, bwawa linaweza kuwa lilishajaa matope. Waulize binamu zako wanakonywesha mwezi huu, kisha uweke alama yako kwa penseli.