Kichupa (video ya wimbo) cha kamera moja, siku moja: hadithi au kutumbuiza?

Mdau_Gerezani: Wakuu, wimbo una dakika 3 na sekunde 12. Kamera moja, inafika fremu (picha) 60 kwa sekunde. Lokesheni mbili: gereji na paa la ghorofa. Msanii anataka hadithi, halafu kiitikio kiende taratibu huku midomo ikifuata wimbo. Siku moja inatosha?

Kata_Unga: Hadithi iache. Inakula waigizaji, mavazi na muda wa kuhamisha taa. Piga cha kutumbuiza: wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa kila pembe. Pembe 5 gereji na 4 paani, kila moja mara mbili, ni kama saa nzima ya picha. Wanaopiga vipande vipande huumbuka wakati wa kuhariri: ubeti wa pili unakuta una pembe moja, na hapo ndipo msanii kasahau mashairi. Ukitaka harufu ya hadithi, weka gari nyuma yake linalofunguliwa kidogo kidogo hadi libaki bodi tupu.

Fremu_25: Hilo gari litamsaliti, mkuu. Ukipiga wimbo mzima kwa pembe 5, ukikata kutoka pembe moja kwenda nyingine mlango unatoka na kurudi. Hapo inabidi kubadili utaratibu: pembe zote za ubeti wa kwanza gari likiwa zima, toa milango na boneti, ndipo pembe zote za ubeti wa pili. Kiitikio kipeleke paani, kisiguse gari kabisa.

Kuhusu mwendo wa taratibu: mradi wa kuhariri uwe wa fremu 25 kwa sekunde, kamera irekodi kwa 50. Tengeneza nakala ya wimbo yenye kasi mara mbili (dakika 1 na sekunde 36), tanguliza milio 4 ya kuhesabia, msanii aimbe nayo. Ukipunguza picha iwe asilimia 50, midomo inarudi kwenye wimbo halisi. Fremu 60 achana nazo. Kwa mradi wa 25 wimbo utabidi uende mara 2.4, ulimi hauwezi.

Mdau_Gerezani: Shuta je, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga?

Fremu_25: 1/100 ya sekunde, ndani na nje. Umeme wetu ni hertz 50, taa za gereji zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka 1/125 utapata mistari ya giza inayotembea kwenye picha, na kwenye kioo kidogo cha kamera huioni. Utaiona kwenye kompyuta, gereji imeshafungwa.

Kata_Unga: Gari nimekubali. Ila paani saa sita mchana, kwa 1/100 na ISO 100 (kamera isiyo nyepesi kwa mwanga), lenzi itadai f/16, yaani tundu dogo. Ukitaka f/4, tundu kubwa, ili majengo ya nyuma yafifie, funga kichujio cha ND16, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 16. Huna? Panda saa kumi na moja jioni. Na spika ya kumpigia msanii wimbo iwe kubwa, upepo wa juu unameza sauti ya simu.