Naomba ushauri: ufukwe wa Nungwi au wa Paje, nikiwa na watoto?

Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane tunatoka Dodoma kwenda Unguja: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Treni ya SGR mpaka Dar, kisha boti. Nimepigia nyumba za wageni kadhaa. Paje bei inaongeleka, ila maji ya bahari yakitoka yanakwenda mbali mno, mnabaki kutazama mashamba ya mwani. Nungwi hayatoki sana, lakini vyumba bei imechangamka, ndiyo msimu wa wazungu.

Kwa watoto wasiojua kuogelea, niongeze hela niende Nungwi, au Paje panatosha? Na kipindi hicho cha upepo wa kusi, boti ya asubuhi ina nafuu kuliko ya jioni? Mama mkwe hutapika hata kwenye kivuko cha Kigamboni.