Mianzi ya manjano imeungua na baridi ya Julai, Lubumbashi: nikate?

Mama Kasapa
Salamu ndugu wote. Mianzi ya manjano yenye mistari ya kijani (Bambusa vulgaris), iliyopandwa Februari upande wa chini wa parseli. Juzi asubuhi majani yalikuwa na umande ulioganda. Leo yamepauka, yamejikunja kama sigara, na machipukizi mawili yamelegea nchani. Nikate yote mpaka chini? Au nitafute ule wa mlima Kahuzi, kule Kivu, uliozoea baridi?

Fundi Mianzi
Mama, panga kwanza liweke chini. Majani kuungua si mwanzi kufa. Chukua kisu kidogo, kwaruza jicho lililo kwenye kifundo, ile pete ya mwanzi: likiwa bichi na lenye unyevu, tawi litatoka hapo. Likiwa la kahawia na kavu, limekufa. Ncha zilizolegea ni za machipukizi ya mwisho wa mvua, yalikuwa bado yamejaa maji. Hata hayo yaache mpaka mvua zishike, katikati ya Novemba, maana yanakinga yaliyo chini yake. Siku hiyo kata juu kidogo ya kifundo kilicho hai, usiache kikombe cha kukusanya maji.

Yaya wa Katuba
Kujikunja kule ni kiu pia. Huku baridi inakuja na ukavu pamoja, na udongo mkavu hautunzi joto la mchana. Bidoni moja ya lita 20 kwa kila shina-mama, mara mbili kwa wiki, saa nne asubuhi. Tandaza majani makavu sentimita 10 hadi 15, na yale ya mwanzi wenyewe usiyafagie kamwe. Usiku wa baridi kali simamisha miti minne, funika kwa magunia bila kugusa majani, funua jua likitoka. Plastiki ikigusa jani, hapo hapo panaungua. Mbolea ya yurea usiweke sasa, inaamsha machipukizi mororo.

Bustani Kafubu
Kosa kubwa ni mahali. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji, na ukuta wa chini unaizuia kama bwawa. Novemba hamisha upande wa juu, penye ukuta wa matofali unaotazama kaskazini, maana jua la Juni na Julai linapita huko. Ukipanda Novemba, mwanzi unapata miezi mitano ya mvua kukomaa. Wa Februari unapata miwili tu.
Ule wa Kahuzi (Yushania alpina) unaishi juu ya mita 2,300, kwenye ukungu. Baridi unaiweza, kiangazi chetu hautakiweza. Afadhali Oxytenanthera abyssinica, mwanzi wa savana: hupukutisha majani wakati wa ukavu, kisha huchipua.

Mama Kasapa
Asanteni sana. Nimekwaruza: mpaka kifundo cha sita kutoka chini ni kibichi, kuanzia cha saba ni kahawia.

Fundi Mianzi
Basi funga uzi mwekundu juu ya cha sita. Kwaruza tena Septemba, kabla hujakata.