Toni Kroos hakuwa na mbio, sasa kati alikuwa anatawala vipi?

namba8_Wete: Asalaam alaykum wadau. Mdogo wangu anachezea timu ya vijana hapa Wete, kiungo, pasi zake mashaallah lakini kila mechi anaambiwa mzito, hana mbio, arudi beki. Mimi namwambia amtazame Kroos, yule kiungo Mjerumani, ubingwa wa Ulaya wa vilabu 6, mmoja na Bayern 5 na Madrid, na Kombe la Dunia 2014 juu. Sasa amtazame nini hasa?

Malindi_damu: Yakhe amtazame kabla mpira haujamfika. Kroos anageuza shingo huku na huku, mpira ukifika keshajua unakwenda wapi, mguso wa kwanza anafungua mwili wa pili pasi imeshatoka, utamkaba saa ngapi? Na pale Madrid Marcelo, beki wa kushoto, akipanda yeye anashuka kushoto kabisa, kiungo wa wapinzani akimfuata kaacha shimo kati, asipomfuata anapigiwa ule mpira mrefu wa kuvuka uwanja mpaka winga ya kulia.

Mkoani kwetu: Sawa lakini msimdanganye mtoto. Kroos pale Madrid nyuma yake alikuwa na Casemiro, kiungo mkabaji, anazoa kila kitu, pembeni kiungo mwenzake Modric. Kombe la Dunia 2018 Urusi alimfunga Sweden ile frikiki ya dakika za nyongeza, raha tupu, lakini Ujerumani ikatolewa makundi, na mechi ya kwanza Mexico waliwapita pale kati kwa kaunta kama hakuna mtu. Mwambie kocha amtafutie mkabaji wa kucheza naye, bila hivyo lawama zote zitamwangukia yeye.

Malindi_damu: Hapo kweli, ila na yeye kukaba alikuwa anajua. Ile 7-1 na Brazil Kombe la Dunia 2014, bao lake la pili kampora Fernandinho wa Brazil mpira mguuni, kampa mwenzake Khedira, karudishiwa, kafunga. Mbio za wapi hapo? Kaiona hatari mapema tu.

Bububu kwetu: Na asikate tamaa kuwekwa benchi jamani. Bayern walimpeleka Leverkusen kwa mkopo 2009, kacheza mpaka 2010 karudi mtu mwengine kabisa. Mzito wa miguu si mzito wa akili, makocha wetu hili wanalisahau sana na vipaji vinapotea hivi hivi.

namba8_Wete: Shukran sana. Naanza na hilo la shingo, jioni nitakuwa nampigia mpira kwa nyuma nanyoosha vidole, ataje ni vingapi kabla hajaugusa. Na la mkabaji nitamfikishia kocha kwa adabu.