Baba mdogo alitudhulumu shamba, na kila mwaka yeye ndiye anazidi kubarikiwa. Nisali vipi?

Wakuu heshima kwenu. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Baba alifariki 2015, akatuachia ekari 3 Nzuguni. Tulilima uwele na alizeti. 2016 serikali ikaanza kuhamia Dodoma, bei za ardhi zikapaa. Baba mdogo akaja na karatasi na kibweta cha wino: "Shemeji, weka dole gumba hapa, ni mambo ya upimaji tu." Mama hajui kusoma. Mimi nilikuwa na miaka 15, ndiye niliyemletea kitambaa akafutia kidole. Wino ulikaa siku mbili.

Leo pale pana nyumba za watu. Yeye ana nyumba ya bati la msauzi, kisima cha kuchimba na mizabibu Hombolo ambayo hata kuugua haiugui. Mama anakaanga karanga anauza stendi.

Jumapili baba mdogo anakaa benchi la mbele, mzee wa kanisa. Ibada ikiisha: "Mbukwenyi shemeji!" Na mama anaitikia kwa tabasamu kabisa. Mimi nipo kwaya, tukifika penye neno "haki" sauti inagoma.

Sitaki kumroga wala kumlaani. Nataka kujua tu kama Mungu anaona.

Mkulima Kibaigwa: Mkuu, mali ya dhuluma haidumu. Subiri, utatuletea mrejesho.

Mleta uzi: Nasubiri toka 2016 mkuu. Inadumu vizuri tu.

Mama wa Bahi: Mwanangu, soma Zaburi ya 73. Asafu alikiri miguu yake ilikaribia kuteleza kwa kuwaonea wivu waovu, alivyowaona wamenona. Alimwambia Mungu bila kuficha. Alipoingia patakatifu ndipo akaelewa mwisho wao.

Mleta uzi: Asante mama. Shida yangu, nikiingia patakatifu namkuta yeye.

Mama wa Bahi: Haya, hapo umeniweza 😄 Basi pumzika kwaya kidogo, kaa nyuma karibu na mlango. Mimi shemeji zangu walinidhulumu ng'ombe. Miaka minane kila nikienda kisimani nachungulia zizi lao kama wamekufa. Wanazaa tu. Moyo ulitulia nilipobadilisha njia ya kisimani. Ng'ombe hawakufa.

Binti Kondoa: Pole sana. Kwetu Waislamu, Sura Ibrahim aya ya 42 inatukataza kudhani kuwa Mwenyezi Mungu ameghafilika na wanayoyatenda madhalimu. Anawaakhirisha mpaka siku macho yatakapokodoka. Kuakhirishwa si kusamehewa. Ila dada/kaka, usichanganye subira na kunyamaza.

Karani Mstaafu: Ngoja niulize la duniani. Mirathi ya mzee ilifunguliwa? Kama haikufunguliwa, baba mdogo aliuza kama nani?

Chukueni cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, nendeni Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya, watawaelekeza. Mama au wewe uteuliwe msimamizi wa mirathi, maana bila msimamizi hakuna wa kudai kwa niaba ya marehemu. Kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kabla ya hapo lazima mpite Baraza la Kata: tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa litawapa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu mnaendelea hata bila cheti, msipotezewe muda huko. Lile dole gumba lisikutishe: mama alidanganywa kilichoandikwa, na shahidi ni wewe mwenye kitambaa.

Na uangalie kalenda. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, na ardhi aliyokuwa anaimiliki marehemu mpaka anakufa huhesabiwa toka siku ya kifo. Toka 2015, piga hesabu. Mungu hana ukomo, baraza linao.

Mkulima Kibaigwa: Duh. Nafuta ushauri wangu wa kusubiri.

Mleta uzi: Mirathi haikufunguliwa. Nimemuuliza mama sasa hivi. Amenyamaza, akaendelea kupeta karanga mpaka ungo ukaisha. Ndipo akasema, "Cheti cha baba yako kipo sandukuni, chini ya kanga ya msiba." Hakusema nikichukue, hakusema nisikichukue.

Swali moja mzee wangu. Kwenye hicho kikao cha ukoo na baba mdogo anaitwa? Maana mwenyekiti ni yeye.

Karani Mstaafu: Anaitwa. Mpelekee taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala.